Jino la Mtu wa Hirbadaw

Wiki iliyopita mwanangu Veronika alitoka uani ameziba mdomo kwa mkono mmoja, na ule mwingine akanifungulia kiganja. Kulikuwa na jino. Jino la chini la mbele, dogo kama punje ya mchele, na damu kidogo kwenye mzizi kama alama ya kalamu nyekundu ya mwalimu. La pembeni yake lilikuwa limeshatoka Jumapili. Akacheka ili nione pengo. Nilipoona yale meno mawili ya chini hayapo, mimi nilisahau kucheka. Mguu wangu ulibaki juu ya pedeli ya cherehani, na sketi niliyokuwa naishona ikabaki na mkunjo mpaka leo.

Hapa kwetu Endagikot mtoto aking'oka jino hulitupa juu ya bati, akaomba jipya. Veronika hakutaka. Alisema bati letu lina tundu, jino litaingia kwenye ugali. Basi nikafungua droo ya cherehani, nikatoa kopo la bobini, akalidondosha humo. Ti. Mlio mdogo hivyo, jino kwenye bati la kopo. Mlio huo nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuogopa.

Nyie mnaonisoma, mnivumilie. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kushona sare. Ila ndoto sijawahi kupungukiwa. Nikishona sare ya mtoto wa darasa la kwanza huwa naona kabisa atakavyokuwa daktari, nikampa na mfuko wa ziada wa kuwekea vipimo. Nilizaliwa hivyo, mcheshi na mwota ndoto. Ninayotaka kuwasimulia yalitokea kwa sababu ya ndoto hizo hizo.

Nilizaliwa Nambis, juu huku milimani Mbulu, kwenye vishamba vya mahindi na maharage vilivyobanana hadi ng'ombe wawili wakikutana njiani mmoja lazima arudi nyuma. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, chini Hanang, si mbali na Hirbadaw. Mama alibaki Nambis na wadogo zangu. Nilipoingia darasa la tano walikubaliana mimi nishuke nikampikie baba, nisome shule ya huko huko.

Sikuwahi kuona mahali pakubwa namna ile. Ngano ilianza mlangoni petu pale kambini na kuishia mbinguni. Upepo ukipita, shamba zima liligeuka rangi kama ng'ombe anayetikisa ngozi kufukuza nzi. Asubuhi kulinuka dizeli na udongo mpya, na mlima Hanang ulikaa pembeni umejifunika shuka la mawingu. Nilikuwa nikimwambia baba kwamba nikikua nitanunua kombaini niende nayo Nambis. Akanijibu kwamba kombaini ikifika Nambis itabidi mama ahame nyumba ili mashine iweze kugeuka.

Shuleni niliketi dawati moja na Udahaida, msichana pekee wa Kibarabaig katika darasa letu. Kwao walikuwa wafugaji, na boma lao lilikuwa ng'ambo ya mashamba, mahali ambapo nyasi zilikuwa bado hazijaguswa na jembe. Siku ya kwanza aliniangalia mdomoni kwa muda mrefu, kisha akasema nina meno ya maziwa, nimeletwa shule mapema. Darasa zima likacheka, na mimi nikaona wote wana meno yenye mistari ya kahawia. Nikawajibu kwamba wao wana meno ya chai ya rangi. Hapo ndipo urafiki ulipoanza. Kila nilipokosa jibu la hesabu aliniita Maziwa, na kila alipokosa yeye nilimwita Chai.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mwalimu Safari, kijana mrefu mwenye koti moja lililokuwa na chaki katika kila mfuko. Siku alipofundisha asili ya binadamu alichora ubaoni watu watano wakifuatana. Wa kwanza aliinama hadi mikono karibu iguse chini, wa pili alijiinua kidogo, na kuendelea hadi wa mwisho, aliyesimama wima akiwa na jembe begani. Tulisema huyo wa mwisho ni mwalimu mkuu. Mwalimu Safari alicheka pamoja nasi, kisha akatueleza kwa upole kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeamka asubuhi akajikuta amekuwa mwingine. Mtoto hufanana na mzazi wake, ila si kabisa. Tofauti ndogo zinazorithiwa, zikimsaidia mtu kuishi na kuzaa, hubaki kwa wajukuu, na baada ya vizazi visivyohesabika utaona mwili umebadilika: mgongo umenyooka, taya limepungua, gumba la mkono limejua kushika. Akatuambia habari za mafuvu ya zamadamu yaliyotolewa ardhini, mengine si mbali sana na kwetu. Akasema mifupa husema, ukijua kuisikiliza, na kwamba meno ndiyo yanayodumu kuliko kitu chochote cha mwili.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka darasani kwa mawazo. Nilikuwa naona kitabu cha historia, ukurasa wenye picha ya fuvu, na chini yake jina langu: Paskalina, wa Nambis. Jumapili katekista alikuwa ametuambia mtu ametoka kwenye udongo. Sikuona ugomvi wowote. Mwalimu naye alisema ametoka huko huko.

Udahaida ndiye aliyenyoosha mkono. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali, hivyo tukageuka wote kumtazama.

"Huyo wa kwanza," akasema, "alizikwa na nani?"

Mwalimu Safari alifikiri, akasema pengine hakuzikwa na mtu. Huenda alianguka tu mahali, matope yakamfunika. Udahaida akaketi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ndiyo maana ameokotwa na wageni. Mimi nilicheka. Sikujua kwamba kwao hilo si jambo la kuchekesha.

Sasa niwaeleze kuhusu kisiwa. Katikati ya eneo alilolima baba kulikuwa na kilima kidogo cha udongo, kirefu kumzidi mtu, kimeota nyasi. Lilikuwa kaburi la mzee wa Kibarabaig. Mzee mwenye heshima alipokufa, ndugu na majirani walikusanyika kwa miezi mingi wakimjengea kilima cha namna hiyo, wenyewe wakikiita bung'eda, na baadaye walikuja hapo kuzungumza naye na kumwombea mifugo. Shamba lilipofunguliwa, vilima vile vilijikuta katikati ya ngano. Baba alipofika kwenye hicho aligeuza usukani na kukizunguka. Kila msimu. Aliacha duara la nyasi, na madereva wenzake wakamtania kwamba anafuga kisiwa chake.

Msimu ule alikuja msimamizi mpya. Alikuwa mtu wa rula. Alisimama juu ya gari akatazama shamba, akasema trekta haliwezi kwenda mzungukozunguko kama mlevi, mistari inyooke. Jioni ile baba alirudi, akanawa mikono, akaketi mbele ya ugali niliokuwa nimejivunia kuusonga bila madonge, asile. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Leo nimelima kisiwa." Akainuka akaenda kulala jua likiwa bado liko juu ya ngano.

Mimi nilihuzunika kwa sababu ya ugali.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda shambani kuchuma mchicha pori, ule unaojitokeza kwenye udongo uliogeuzwa. Nilipita pale palipokuwa kisiwa. Palikuwa tambarare, na udongo wake ulikuwa mweusi kuliko wa pembeni. Kitu kikanichoma kisigino. Nikakivuta. Lilikuwa taya, taya la chini, zito, la rangi ya chai, limejaa udongo kati ya meno.

Nitawaambia ukweli kwamba sikuogopa hata kidogo. Nilipiga magoti kwa furaha. Nililisafisha kwa kanga yangu nikaliangalia, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba meno mawili ya mbele hayakuwepo. Hayakuwa yamevunjika. Mahali pake mfupa ulikuwa umejifunga, laini kabisa, kama hakujawahi kuwa na jino. Huyu alizaliwa hivi, nikasema. Huyu si mtu kama sisi. Huyu ni mmoja wa wale wa ubaoni.

Nililifunga kwenye mchicha nikaenda nalo nyumbani. Nililisugua kwa mchanga na majivu kama ninavyosugua sufuria, mpaka gego moja likalegea na kutoka. Nikaliweka kwenye kopo tupu la chumvi. Ti. Nikaona ni bahati, kwa sababu gego peke yake ningeweza kulibeba shuleni mfukoni bila watu kujua. Kisha nikachukua kalamu ya wino ya baba nikaandika namba kwenye mfupa, kama nilivyoona kwenye picha ya kitabu. Niliandika 1. Kwenye daftari nikaandika: Zamadamu wa Hirbadaw. Hakuwa na meno ya mbele. Nadhani alikula majani laini. Nikapigia mstari kwa rula.

Jumatatu nilikwenda shule mapema, gego mfukoni. Mwalimu Safari alikuwa ameitwa semina Katesh wiki nzima. Na dawati letu lilikuwa na mtu mmoja tu, mimi. Udahaida hakuja Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano.

Alikuja Alhamisi, akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakuniita Maziwa. Aliketi akaweka kichwa juu ya dawati, na ilikuwa mapumziko alipoanza kusema, polepole, kama mtu anayesoma barua. Malisho yao yalikuwa yamekwisha. Upande mmoja ngano, upande mwingine ngano, ndama walikuwa wanakufa, na Jumamosi alfajiri wangeondoka na ng'ombe wote kwenda kusini, mbali, asikokujua hata baba yake. Hawakutaka kuondoka na kumwacha babu yake amelimwa. Kwa hiyo tangu Jumapili baba yake alikuwa shambani akimkusanya, kipande kwa kipande, kwenye ngozi ya ng'ombe, ili wakamzike upya huko wanakokwenda. Walikuwa wamepata fuvu. Walikuwa wamepata mikono. Kilichobaki ni taya.

Nikamuuliza kwani taya ni kitu gani, si wamempata karibu wote?

"Baba anasema tukimwita atatujibu na nini," Udahaida akasema.

Jamani, nimejaribu miaka yote hii kukumbuka nilifikiri nini wakati ule, na aibu yangu ni kwamba nakumbuka. Nilifikiri: taya langu halina meno mawili, kwa hiyo si la babu yake. Nililishika wazo hilo kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Gego lilikuwa mfukoni mwangu, linanigonga paja.

Siku ile ile mchana baba yake Udahaida alifika kambini. Wazee wao hawakuzoea kuja kwetu, na mimi sikuwahi kumwona kwa karibu. Alisimama mbali kidogo na bomba la maji, shuka lake jeusi limekuwa la kijivu kwa vumbi, fimbo begani. Aliwauliza wanawake, kwa Kiswahili chake kifupi, kama kuna mtoto aliyeokota mfupa. Wanawake walitazama ndoo zao. Msimamizi alikuwa ametoa onyo kwamba atakayezungumza habari za makaburi atafute kazi kwingine, na kambi nzima ilikuwa imejaa maneno kwamba vijana wa Kibarabaig wanamtafuta dereva aliyelima pale. Baba yangu alikuwa amekaa mlangoni petu anasafisha chujio la dizeli. Nilimwona akiinuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu usilie.

Yule mzee akanigeukia. Nikainamisha kichwa nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, na kwa kuwa nilikuwa mtoto na nimemwamkia vizuri, akatabasamu.

Meno yake ya chini, mawili ya mbele, hayakuwepo. Yaliyobaki yalikuwa na mistari ya kahawia. Nilikuwa naliangalia taya langu, lakini safari hii lilikuwa na midomo na linaniangalia.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilipoketi karibu na jiko niliona mambo yote kwa wakati mmoja. Nikilitoa, wataniuliza nimeliokota wapi, na nikisema ni pale, watajua trekta la nani lilikuwa pale. Nisipolitoa, Jumamosi wataondoka na babu asiye na mdomo. Baba alikuwa kitandani, uso ukutani, na niliweza kuona mgongo wake unavyopumua. Sikuweza kumwambia yeye, sikuweza kumwambia Udahaida. Sala niliyoijua ndefu kuliko zote niliisali mara tatu na haikunisaidia kitu.

Mwishowe niliona njia moja. Nitalirudisha. Nitaliweka juu ya udongo mahali ambapo mzee atalikuta mwenyewe, na hakuna atakayeuliza. Nilijaribu kufuta ile namba. Nilitumia mate, nikatumia majivu, nikatumia limau. Wino wa baba ulikuwa mzuri mno.

Ijumaa sikwenda shule. Nilivaa gauni la nyumbani, sketi ya shule nikaiacha kwenye kamba na gego mfukoni, sikulikumbuka. Nilifika shambani jua likichomoza. Mzee alikuwa ameshafika, upande wa pili kabisa, ameinama, anakwenda hatua kwa hatua akigeuza madonge kwa fimbo. Nililiweka taya juu ya tuta, mahali pa wazi, nikarudi nyuma na kulala kifudifudi kwenye mtaro nisubiri alifikie.

Ndipo niliposikia trekta. Ilikuwa siku ya kupanda. Baba alikuwa anakuja mstari mnyoofu, mashine ya kupandia ikimfuata nyuma na visahani vyake vya chuma vinakata udongo, na mstari ule ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwenye lile tuta. Nilipima kwa macho. Mzee alikuwa mbali, hata kama angekimbia. Visahani vingepita kwanza.

Nilikimbia. Nakumbuka udongo ulivyokuwa unanivuta miguu, kama ndotoni. Nililichukua taya kwa mikono miwili nikasimama mbele ya trekta. Baba alinipigia honi, kisha akanitambua, na lile dude likasimama karibu kiasi kwamba nilihisi joto la injini usoni. Akazima. Baba alitazama mikono yangu. Kisha akatazama nyuma yangu, kwa sababu mzee alikuwa anakuja, bila haraka, fimbo imeshushwa.

Baba angeweza kusema chochote. Alishuka, akavua kofia.

"Ni mimi niliyelima," akasema. "Mtoto hana kosa."

Mimi nilikuwa natafuta kisu kiunoni mwa mzee kwa macho, nikakiona.

"Najua ni wewe," mzee akasema. "Miaka yote nakuona unazunguka. Nawaambia vijana, dereva huyu ana baba."

Baba yangu alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla, na sikumwona tena hata siku ya mazishi ya bibi. Alilia amesimama, kofia mkononi, kama mtu anayenyeshewa.

Kisha mzee akachuchumaa mbele yangu, akanyoosha viganja vyote viwili. Nikaliweka. Aliingiza kidole kwenye pengo la mfupa, halafu akakiingiza kwenye pengo la mdomo wake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa. Aliona namba. Aliisugua kwa gumba, haikutoka, akaniuliza ni nini. Nikamwambia nilimpa namba. Akauliza ya nini. Nikasema ya kitabu. Hakuonekana kuelewa, na hakukasirika. Aliendelea kupitisha gumba juu ya meno, moja moja, mpaka akafika mwisho wa upande wa kushoto, penye shimo lililokuwa bado jeupe, jipya.

"Na hili?" akauliza.

Hapo ndipo nilipolikumbuka gego. Lilikuwa kwenye sketi, kwenye kamba, umbali wa kukimbia tu. Ningesema, ngoja mzee, nakuja. Lakini namba ilikuwa imeshanitia aibu, baba alikuwa analia, na niliogopa kuongeza kosa juu ya kosa. Nikasema, "Nililikuta hivyo."

Aliniamini. Hilo ndilo ninalolala nalo. Alitazama shimo lile, akatazama shamba lote lilivyokuwa kubwa, akaelewa kwamba jino moja humo halipatikani. Akalifunga taya kwenye shuka lake, akamwambia baba endelea na kazi yako, akaondoka.

Jumamosi niliamka kabla ya jogoo wa kambi na gego mkononi. Nilikimbia hadi bomani kwao. Moshi ulikuwa bado unatoka kwenye samadi, na milango ya miiba ilikuwa wazi. Nilifuata nyayo za ng'ombe mpaka zikagawanyika mara mbili, kisha mara nyingi, na kila nilikochungulia palikuwa na tambarare na upepo. Niliita Chai. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kisha nikaketi chini nikasubiri kitu ambacho sikijui, na jua lilipokuwa kali nikarudi.

Mwalimu Safari aliporudi kutoka semina nilimpelekea lile gego, si kwa ajili ya kitabu tena. Alilipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliniambia mistari ile ya kahawia inatokana na madini ya maji ya visima vya huku, huingia kwenye jino mtoto akiwa bado mdogo, ndiyo maana mimi niliyekunywa chemchemi ya Nambis sikuwa nayo. Aliniambia meno mawili ya chini Wabarabaig wa zamani waling'olewa utotoni, mfupa ukapona na kujifunga, na kwamba jambo kama hilo halirithiwi. Mtu anaweza kung'olewa meno yeye, baba yake na babu yake, na mtoto akazaliwa akaota yote. Nikamkumbuka Udahaida alivyokuwa akicheka, meno yake yote mdomoni. Mwaka mzima niliketi pembeni ya jibu.

"Huyu si zamadamu, Paskalina," mwalimu akasema. "Huyu ni mtu." Akanirudishia jino, akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba alitufundisha mifupa inasema, lakini hakutufundisha kuuliza inasema na nani.

Baba aliondolewa kwenye trekta, akawa wa kupakia magunia, na msimu ulipokwisha tulirudi wote Nambis. Mashamba ya serikali nayo yalikuja kwisha. Nilipoolewa nilimwomba mume wangu tushuke Hirbadaw, nikazunguka siku nzima nikiuliza habari za familia ile. Walionijibu walinijibu vizuri, lakini walisema waliohama wakati ule ni wengi. Pale penye kisiwa nilipatafuta kwa miguu na sikupapata. Mistari ilikuwa imenyooka kila mahali.

Utotoni niliamini kwamba wale watano wa ubaoni ni watu wa kitabu. Siku hizi, nikishona peke yangu, huwa nafikiri kwamba kila mmoja wao aliinamiwa na mtu aliyemwita na kungoja ajibu. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu mgongo, taya na gumba. Ila tulichorithi tangu zamani zaidi, nadhani, ni kule kuinama. Na mimi niliyetaka jina langu liandikwe chini ya fuvu ndiye niliyemnyima mzee mmoja jino lake, kwa maneno mawili.

Veronika alipodondosha jino lake kwenye kopo la bobini hakusikia mlio mmoja kama mimi. Alisikia kwamba limegonga kitu. Akapekua nyuzi kwa kidole, akatoa gego kubwa lenye mistari ya kahawia, akaliweka kwenye kiganja karibu na lake jeupe.

"Mama, hili la nani?"

Nikamwambia ni la babu mmoja wa Hirbadaw, namtunzia.

Alifikiri kidogo, ulimi wake ukiingia na kutoka kwenye pengo. Kisha akayarudisha yote mawili, taratibu, yasilie, akafunga kopo.

"Na akija siku ambayo hupo," akaniuliza, "nimwambie nini?"